Kimo cha Nyuma

Alikuja saa nne, jua limeshakalia mabati ya Gerezani,
haendeshi, anaisukuma,
pikipiki nyekundu ya mbio, mkia juu
kama nge aliyekanyagwa,
na kofia ngumu inamcheza kichwani
kama chungu juu ya mafiga mawili.

"Inatikisa kichwa," alisema. "Nikifika themanini
usukani unakataa, kulia, kushoto, kulia,
kama mtu anayepewa habari asiyoitaka."
Nilipenda maelezo yale.
Wengine huja na "ina kelele," basi.

Nikamwita Chande: shika futi.
Tukainyanyua mpaka tairi likaning'inia,
tukapima toka katikati ya ekseli hadi alama ya chaki kwenye mkia,
nikaandika ukutani kwa mkaa, chini ya bei ya oili.
Kisha nikamwambia kijana: panda. Miguu yote juu.
Kaa kama uko barabarani, si kama uko msibani.
Mdomo huu.

Chande akapima tena. Imeshuka milimita kumi na mbili.
Kumi na mbili! Inatakiwa thelathini na ushei.
Pikipiki haikujua kama kuna mtu juu yake.

"Una kilo ngapi?"
"Hamsini na nane."
"Hii springi imekazwa kwa mtu wa kilo mia kasoro.
Na shokapu imerefushwa, tazama nyuzi zilivyo nje.
Ya nani hii?"
"Ilikuwa ya Ladislaus. Kaka."
Nikaisikia ile *ilikuwa*.
Chande naye aliisikia, akaanza kutafuta spana
iliyokuwa mkononi mwake.

Watu hudhani kimo cha nyuma ni urembo wa kupigia picha.
Ukipandisha nyuma, mbele inainama,
shokapu za mbele zinasimama wima,
pikipiki inakuwa nyepesi kugeuka
na nyepesi kukugeuka.
Ukishusha mno, inazembea,
inakata kona kama lori la mchanga, inadai nusu ya barabara ya watu.
Na milimita moja ya shokapu si moja kule kwenye mkia,
ni mbili na kitu.
Ndiyo maana nati hii siigusi nikiwa na hasira
wala nikiwa na njaa.

Pete ya kufungia ilikuwa imeganda.
Nikaigonga kwa patasi ya shaba, taratibu, kama mtu anayebisha hodi usiku.
Ilipoachia ilitoa mlio mdogo.
Evodi akageuka akatazama upande wa reli.

Mizunguko mitatu. Panda. Kumi na tisa.
Mitatu tena. Panda. Ishirini na saba.
Kila akipanda inazama kidogo zaidi chini yake,
godoro linalomzoea mgeni.
Nusu mzunguko, ishirini na nane, nikaacha hapo.
Springi yenyewe ni nene, haina zaidi ya kusema.

Nilipoweka spana kwenye shokapu, kuifupisha,
akanishika mkono.
"Ukigeuza, ile ya kwake inapotea?"
Nikamwonyesha ukuta.
Akasoma tarakimu zile kwa midomo, bila sauti,
akaniachia mkono.

Akaenda mpaka Mtoni na kurudi.
Nilizisikiliza gia zake akivuka Bendera Tatu,
ya pili, ya tatu, kisha basi la mwendokasi likazimeza.
Nilisimama nimeshika kitambaa cha grisi
muda mrefu kuliko inavyostahili kwa mteja wa siku moja.

"Imetulia?"
"Imetulia." Hakutabasamu. "Kama si ile."

Nikamwambia: cheni nimeirekebisha,
kimo kikibadilika cheni nayo hubadilika.
Springi laini ikipatikana nitakupigia.
Elfu thelathini.
Akatoa ishirini na tano, nikapokea.

Na hiyo kofia, nikasema,
usiniletee mimi. Nenda kanunue ya kwako.
Kofia haina nati.